Je, Wajua? Mtu wa Mwisho Dirishani

Pantoni ya asubuhi ikigusa Feri, hushuka wachuuzi wa samaki, makarani, wanafunzi, na kundi jingine lenye mwendo wa taratibu: watu walioshika kadi za kliniki. Wa presha, wa sukari, wa moyo. Watapanda daladala kwenda Muhimbili, Mnazi Mmoja au Amana, watapanga foleni, watamwona daktari, na jioni watakuwa kwao Kigamboni na mfuko wa dawa. Hospitalini huitwa wagonjwa wa nje. Wodini muuguzi humpa mgonjwa dawa mkononi na kumsimamia ameze. Huyu wa nje akishatoka getini yuko peke yake na vidonge vyake, na mtu wa mwisho kuzungumza naye ni mfamasia. Duniani umezuka ubingwa mzima unaohusu mazungumzo hayo. Safu ya leo ni ya dirisha la dawa.

TULIKOTOKA

1. Je, wajua kwamba ukitoka soko la samaki la Feri, ukapita Ikulu na kufuata ufukwe, unafika kwenye hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897? Ni Ocean Road. Wakati huo ilikuwa ya Wazungu. Robert Koch, aliyegundua kimelea cha kifua kikuu, alifanya uchunguzi wa malaria Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898. Tangu 1996 mahali hapo ni Taasisi ya Saratani Ocean Road.

2. Waafrika na Wahindi walitibiwa kwingine, kwa fedha za tajiri wa Bagamoyo, Sewa Haji Paroo. Alifariki mwaka 1897, na hospitali iliyobeba jina lake ilihudumia mji kwa miongo kadhaa. Leo jina hilo liko Muhimbili: mtu akikwambia ndugu yake amelazwa Sewahaji, anamtaja mfanyabiashara wa karne ya 19 bila kujua.

3. Muhimbili yenyewe ilifunguliwa mwaka 1956 ikiitwa Princess Margaret.

4. Wajua pia kwamba ukipanda boti ya Zanzibar pale Sokoine Drive, jengo la kukumbukwa utakalolikuta ukishuka, karibu na bandari, lilikuwa nyumba ya dawa? Lilianzwa na Tharia Topan, tajiri aliyefariki mwaka 1891 kabla halijakamilika. Tangu mwaka 1900 chini palitolewa dawa, juu wakakaa watu. Wenyeji hadi leo hutaja Dispensari ya Zamani.

5. Tanzania iliandaa orodha yake ya dawa muhimu mwaka 1970, miaka saba kabla Shirika la Afya Duniani halijatoa ya kwanza ya dunia. Wazo ni jepesi: nchi isiyo na fedha za kununua kila kitu ichague dawa chache zinazotibu wengi, kisha ihakikishe hizo hazikosekani.

6. Na je, wajua kwamba mafunzo ya shahada ya famasia yalianza Dar es Salaam na Nairobi katika mwaka uleule, 1974? Mwaka huohuo Muhimbili ilianzisha kitengo cha utafiti wa dawa za asili, ambacho mwaka 1991 kilikua na kuwa Taasisi ya Tiba Asili. Vidonge na mizizi, kwa hiyo, vina umri mmoja chuoni.

KIOO NI KIMOJA, WATU NI TOFAUTI

7. Kila anayesimama nyuma ya kioo huitwa "dokta" na wateja. Kisheria wako wa aina kadhaa. Yuko mfamasia mwenye shahada, yuko fundi dawa sanifu mwenye stashahada, na kwenye Duka la Dawa Muhimu yuko mtoa dawa aliyepitia mafunzo maalumu. Kila mmoja ana mpaka wa dawa anazoruhusiwa kutoa.

8. Shahada ya famasia Muhimbili huchukua miaka minne. Ukimaliza, bado. Unafuata mwaka mmoja wa utarajali, ndipo Baraza la Famasi likusajili. Baraza hilo linaongozwa na Sheria ya Famasi ya mwaka 2011.

9. Je, wajua kwamba Duka la Dawa Muhimu lilianza majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003? Kabla yake kulikuwa na duka la dawa baridi, lililoruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti tu, ingawa rafu zake mara nyingi zilisema vingine. Mpango mpya ulifundisha wauzaji, ukakagua majengo, kisha ukaruhusu orodha fupi ya dawa za cheti zilizokuwa zikiuzwa kwa kificho.

10. Wenye maduka kutoka mikoani hufuata mzigo wa jumla Kariakoo, dawa kama ilivyo kwa vitenge na vipuri. Hospitali za umma zina mlango wao: Bohari ya Dawa, MSD, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, makao yake yako Keko.

11. Mamlaka inayosajili dawa ilijulikana kama TFDA hadi mwaka 2019, ilipokabidhi chakula kwa Shirika la Viwango na kuwa TMDA. Mwezi Desemba 2018 ilikuwa ya kwanza Afrika kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani kufikia ngazi ya 3 ya ubora wa usimamizi wa dawa. Namba ya usajili kwenye boksi huanza na herufi TAN. Itafute kabla ya kulipa.

BAADA YA SHAHADA

12. Ubingwa wa mfamasia una maana gani? Daktari akitaka kuwa bingwa wa watoto, hurudi kusoma huku akitibu watoto chini ya macho ya waliomtangulia. Mfamasia naye ana njia hiyo. Nchini hupitia shahada ya uzamili: Muhimbili hufundisha famasia ya hospitali na ya kliniki, ambako mwanafunzi anapita wodini na kwenye kliniki pamoja na madaktari, anasoma faili, anahoji dozi.

13. Mafunzo ya kwanza ya namna hiyo hospitalini yanayotambuliwa katika historia ya Marekani yalianzishwa na Harvey Whitney, Chuo Kikuu cha Michigan, mwaka 1927. Leo mhitimu wa huko anaweza kuongeza mwaka mmoja wa mafunzo ya jumla kazini, kisha mwaka wa pili kwa eneo moja tu. Kwa lugha ya hospitali zetu, tuseme ubingwa na ubobezi.

14. Wagonjwa wa nje ni mojawapo ya maeneo hayo ya mwaka wa pili. Eneo hilo lilikubaliwa kuwa ubingwa kamili mwaka 2009, na mtihani wake wa kwanza ukafanyika mwaka 2011. Fani iliyotangulia kabisa kupewa hadhi ya ubingwa wa famasia nchini humo ni ya kushangaza: dawa za mionzi, mwaka 1978.

15. Je, wajua mwanafunzi wa ubobezi wa wagonjwa wa nje hufanya nini kutwa? Hanadi vidonge. Ana chumba na kiti cha mgonjwa. Anapima presha, anasoma majibu ya maabara, anapitia dawa moja baada ya nyingine akiuliza: hii ni ya nini, bado inahitajika, unaimezaje, inakuletea shida gani, unaimudu bei yake? Kwa makubaliano na daktari, anaweza kuongeza dozi, kupunguza au kubadili. Mgonjwa huyo atarudi kwake baada ya wiki kadhaa, na hapo mwanafunzi atayaona matokeo ya uamuzi wake mwenyewe.

16. Famasia ya kliniki ilipata msukumo mkubwa kwenye ghorofa moja. Mwaka 1966, hospitali ya Chuo Kikuu cha California, San Francisco, iliwaweka wafamasia ghorofa ya tisa, wodini, saa 24, wakishauri madaktari papo hapo. Chuo hicho ndicho kilichokuja kuwa mshirika wa miaka mingi wa chuo chetu cha Muhimbili.

17. Jirani zetu hawako nyuma. Eldoret, katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, wafamasia wa Kenya na wenzao wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, wamejenga kliniki ya wagonjwa wanaotumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ikiendeshwa na wafamasia wenyewe. Wafamasia wanaosomea ubingwa kutoka Marekani huenda kujifunza huko.

18. Uingereza ilimruhusu mfamasia aliyepata mafunzo ya ziada kuandika cheti cha dawa mwenyewe, bila kumsubiri daktari, mwaka 2006.

19. Mwaka 1996 mji wa Asheville, Marekani, ulijaribu jambo: watumishi wa manispaa wenye kisukari wakutane na mfamasia aliyefundwa mara kwa mara, na dawa za sukari wapewe bila kuchangia. Sukari ilishuka, na siku za kukosa kazi kwa ugonjwa zikapungua.

20. Na je, wajua kisa cha vinyozi? Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika kwenye vinyozi 52 vya watu weusi, Los Angeles. Wanaume 319 wenye presha ya juu isiyodhibitiwa waligawanywa makundi mawili. La kwanza lilimkuta mfamasia pale pale kwenye kiti cha kinyozi, akipima, akiandika dawa kwa makubaliano na daktari. La pili lilihimizwa na kinyozi liende kwa daktari. Baada ya miezi sita, namba ya juu ya presha ilishuka wastani wa 27 kwa kundi la kwanza, na 9 kwa la pili. Dawa zilikuwa zilezile za kawaida. Kilichohama ni mtaalamu: alikwenda walipo watu. Anayejua idadi ya vinyozi vya Kariakoo atafanya hesabu mwenyewe.

21. Hesabu hiyo ina sababu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takribani asilimia 26 ya Watanzania wa umri wa miaka 25 hadi 64 wana presha ya juu, na asilimia 9 wana kisukari. Magonjwa hayo hayalazwi yakapona. Ni ya kurudi kliniki maisha yote, yaani ya dirishani.

TUJE KWENYE BAHASHA

22. Je, wajua maana ya 1x3 kwenye bahasha ya dawa? Wengi humeza saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa moja usiku, kufuata chai, ugali na ugali tena. Kwa dawa nyingi za bakteria shabaha ni kila baada ya saa nane, ili dawa isipungue mwilini usiku kucha. Mfamasia mzuri hataishia kwenye tarakimu. Atakuuliza unaamka saa ngapi, kisha atapanga nawe.

23. Dawa mseto ya malaria ilianza kuwa tiba ya kwanza nchini kwa sera ya mwaka 2006. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24: vinne mara sita katika siku tatu. Dozi ya pili humezwa saa nane baada ya ya kwanza, zinazofuata asubuhi na jioni, siku ya pili na ya tatu. Chakula chenye mafuta au kikombe cha maziwa husaidia dawa kuingia vizuri mwilini. Homa ikikata siku ya pili, vidonge vilivyobaki si akiba ya jirani.

24. Warfarini iliuzwa kwanza kama sumu ya panya, mwaka 1948. Mwaka 1954 ikaidhinishwa kwa binadamu. Leo humlinda mtu aliyewekewa valvu ya bandia ya moyo asigandishe damu. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyofunguliwa Muhimbili mwaka 2015, ina wagonjwa wa aina hiyo. Dozi ikipungua, damu huganda kwenye valvu. Ikizidi, mtu huvuja damu. Ndiyo maana hupimwa damu mara kwa mara ili kipimo cha INR kibaki kwenye kiwango alichowekewa na daktari, mara nyingi kati ya 2 na 3.5 kutegemea valvu.

25. Hapo ndipo matembele yanapoingia. Mchicha, kisamvu na matembele vina vitamini K nyingi, inayopingana na warfarini. Mgonjwa akiambiwa "usile mboga za majani" kwa mkato, ataacha wiki mbili, damu itakuwa nyepesi kupita kiasi; kisha atachoka na kurudia sahani kubwa, damu itakuwa nzito. Ushauri sahihi ni kiasi kinacholingana wiki hadi wiki. Mtaalamu wa wagonjwa wa nje hujifunza kuuliza jikoni kwako kunapikwa nini.

26. Wajua kwamba samaki wa Feri wanaweza kugombana na dawa ya kifua kikuu? Isoniazidi, inayotumika kutibu kifua kikuu na kuwakinga nacho watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, huzuia mwili kuvunja histamini. Jodari na vibua wasiowekwa barafu mapema hujaa histamini, na moto wa kukaangia hauiondoi. Mtu akila hao akiwa kwenye dawa, anaweza kuwaka uso, kuumwa kichwa na moyo kwenda mbio. Wengi hudhani dawa imewakataa, wakaiacha. Samaki mbichi kweli, aliyelala kwenye barafu tangu avuliwe, ndiye jawabu, dawa iendelee.

27. Tukiwa hapo: rifampisini hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa. Si damu. Asiyeambiwa dirishani hupata hofu chooni.

28. Rifampisini hiyo huharakisha ini kuvunja dawa nyingine. Hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango. Hushusha pia dolutegravia, dawa kuu ya sasa ya virusi vya UKIMWI, ndiyo maana anayetibiwa magonjwa yote mawili hupewa miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja.

29. Dolutegravia nayo hupandisha metformini mwilini. Mwenye kisukari anayetumia zote mbili kwa kawaida havushwi miligramu 1,000 za metformini kwa siku. Tatizo ni kwamba kliniki ya virusi vya UKIMWI (CTC) iko jengo moja, ya sukari jengo jingine, na mafaili hayasalimiani. Anayeweza kuzikutanisha dawa hizo ni yule anayeona vyeti vyote viwili.

30. Kahawa chungu ya Kariakoo na siprofloksasini havipatani sana: dawa huchelewesha mwili kuondoa kafeini. Vikombe viwili vya jioni na kashata vinaweza kukukesha kama vinne.

31. Usimeze siprofloksasini wala doksisaiklini kwa maziwa, wala pamoja na dawa za kiungulia zenye magneziamu au aluminiamu. Huzishika tumboni, zikapita bila kuingia damuni. Zipishane kwa saa kadhaa.

32. Balungi lilinaswa kwa bahati. Mwaka 1989 watafiti wa Kanada walitumia juisi yake kuficha ladha ya pombe kwenye jaribio la dawa ya presha, wakaona kiwango cha dawa kimepanda kuliko kawaida. Juisi ndiyo iliyopandisha. Hadi leo wanaotumia simvastatini na baadhi ya dawa za presha huambiwa waliepuke.

33. Udongo wa pemba unaouzwa vipande sokoni, mama mjamzito anautafuna huku vidonge vya madini ya chuma vimo pochini. Aina nyingi za udongo hushika madini ya chuma tumboni, na utafiti umehusisha ulaji wa udongo na upungufu wa damu. Kumkaripia hakusaidii, ataficha. Muulize kwa upole, ili ajue kwa nini damu haipandi.

34. Methotreksati ya baridi yabisi humezwa mara moja kwa wiki. Kuimeza kila siku kwa makosa kumeua watu katika nchi nyingi. Mwambie mfamasia akuandikie jina la siku kwenye bahasha: Jumatatu, au Ijumaa. Si namba tu.

35. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye jokofu, isigande, ikiganda hutupwa. Iliyofunguliwa inaweza kukaa nje takribani wiki nne, mradi joto lisivuke nyuzi 25 hadi 30, kama kikaratasi chake kinavyosema. Asiye na jokofu anaweza kutumia mtungi wenye mchanga wa maji, maana maji yanapokauka hupoza. Ila mjini Dar hewa ina unyevu mwingi, kwa hiyo mtungi hupoza kidogo kuliko Dodoma. Uweke kivulini penye upepo.

36. Je, wajua kwamba chupa ya maji ya nusu lita inaweza kuokoa mtoto wa pumu? Watafiti wa Afrika Kusini walionyesha mwaka 1999 kuwa chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitako ipate kuingiza mdomo wa kipulizio, ilifanya kazi sawa na kifaa cha dukani kinachowekwa kati ya kipulizio na mdomo. Mtu mzima anayevuta moja kwa moja avute taratibu, kisha ashike pumzi sekunde 10 hivi. Wanaopuliza dawa mdomoni na kuimeza kama mate ni wengi.

37. Unga wa amoksilini ya mtoto huchanganywa na maji yaliyochemshwa yakapoa, hadi kwenye alama ya chupa, si zaidi. Povu likitulia, ongeza maji yafike alama. Baada ya hapo huhesabiwa siku, kwa kawaida 7. Pimia kwa sirinji au kikombe chake. Kijiko cha chai cha nyumba hii si cha nyumba ile.

38. Dawa ya macho: tone moja latosha. Bonyeza kona ya jicho karibu na pua kwa dakika moja ili lisishukie kooni. Ikiwa zipo dawa mbili, subiri dakika tano kati yake.

NENO KWA MWENYE KADI

39. Dawa ikikudhuru, kuna fomu ya njano ya TMDA ambayo mfamasia huijaza na kuituma. Ukinyamaza, takwimu hazikujui.

40. Mitishamba nayo ni dawa, hata sheria inajua: Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ni ya mwaka 2002. Unapoulizwa dirishani "unatumia nini kingine?", swali hilo linahusu na ile chupa ya kijani uliyonunua Kariakoo.

41. Siku ya Wafamasia Duniani ni 25 Septemba, tarehe ambayo shirikisho lao la kimataifa liliundwa mwaka 1912.

42. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa makosa ya dawa hugharimu dunia dola bilioni 42 kwa mwaka. Limetaja pia nyakati tano za kuuliza maswali: unapoanza dawa, unapoimeza, unapoongezewa nyingine, dawa zinapopitiwa upya, na unapoacha. Katika hizo tano, mgonjwa wa nje huwa na mtaalamu mbele yake kwa dakika chache tu.

43. Zitumie dakika hizo. Siku ya kliniki, weka kila dawa ya nyumbani kwenye mfuko mmoja: za hospitali, za dukani, za mganga, na zile za marehemu bibi ambazo hujazitupa. Zifikishe dirishani, ziweke kaunta, useme: "Naomba unipitie hizi." Marekani mabingwa wa wagonjwa wa nje hufundishwa kuanzia hapohapo, kwenye mfuko wa mgonjwa. Huhitaji kusubiri ubingwa huo ujae kila wilaya. Mfamasia aliyesajiliwa na Baraza tayari ana elimu ya kukagua mfuko huo, na foleni ikiwa ndefu muulize ni saa ngapi urudi apate nafasi ya kukaa nawe.